Mekatilili wa Menza: Mama aliyejua kifaranga hachukuliwi hivi hivi

Agosti 9, 2020, kama ulifungua Google ukiwa hapa Kenya, basi ulimkuta pale juu: Mekatilili wa Menza. Wengi walibofya, wakasoma mistari miwili, wakaendelea na shughuli zao. Ukimuuliza kijana wa leo anamjua vipi, atakuambia alipigana na wazungu, basi. Wengine wataongeza kwamba kuna mzungu alizabwa kofi.

Hayo ni sawa, lakini yanaacha swali kubwa. Mama mjane, hajasoma shule, hana bunduki, aliwezaje kuwashawishi maelfu ya Wagiriama wagomee serikali ya Uingereza mwaka 1913? Jibu liko mahali ambapo wengi hatuangalii: shambani, kwenye banda la kuku na ndani ya msitu. Mekatilili aliongea na watu kuhusu vitu walivyoviona kila siku, mbegu, mvua, mama na watoto wake. Alijua kwamba kila kiumbe kina mzunguko wake wa kuzaliwa, kukua, kuzaa na kufa. Ukichomoa kipande kimoja katikati, unavunja wote.

Mnyazi wa Bamba

Jina alilopewa akizaliwa ni Mnyazi. Alizaliwa karne ya 19 katika sehemu za Bamba, bara ya Kilifi, mtoto wa kike peke yake kati ya watoto watano. Bamba ni nchi kavu. Mvua ikikosa msimu mmoja, watu wanahesabu punje, kwa hivyo mtoto wa huko anajifunza mapema kusoma mawingu na kutunza mbegu.

Simulizi za Wagiriama zinasema aliona kwa macho yake kaka yake Mwarandu akinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni Gandini. Hakurudi. Hebu fikiria. Umeenda soko na ndugu yako, unarudi nyumbani bila yeye, na hakuna polisi wala mkuu wa wilaya wa kumwendea. Kwa wazazi, huyo ni mwana aliyepotea. Kwa ukoo mzima, ni mke ambaye hataolewa, watoto ambao hawatazaliwa na shamba ambalo halitalimwa. Tawi zima limekatwa kwa siku moja. Jambo hilo Mnyazi hakulisahau.

Aliolewa na Dyeka wa Duka, akazaa, na mwanawe akaitwa Katilili. Kwa mila za Kigiriama, mama huitwa kwa jina la mtoto, kama vile sisi tunavyosema Mama Fulani. Ndiyo maana tunamwita Mekatilili, yaani mama Katilili. Tazama vile historia inachekesha: jina ambalo serikali ya kikoloni ilikuja kuliogopa halikuwa la jenerali wala la mfalme. Lilikuwa linasema tu kwamba huyu ni mama ya mtu.

Shamba lina saa yake

Mwaka 1912, afisa mmoja Mwingereza, Arthur Champion, alitumwa kuwasimamia Wagiriama. Serikali ilitaka mambo matatu. Kwanza, kodi. Pili, vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya wazungu na kazi za serikali pwani. Tatu, ilitaka Wagiriama waliokuwa wamevuka Mto Sabaki na kulima upande wa kaskazini wahame, warudi kusini.

Kwa Champion, hiyo ilikuwa hesabu nyepesi. Kuna vijana hapa, kuna kazi kule, wapeleke. Lakini Wagiriama hawakuwa watu waliokaa bure wakingoja ajira. Walikuwa wakulima wa kweli, wakiuza mahindi yao kwa miji ya pwani. Ardhi ile ya kaskazini ya Sabaki ilikuwa na rutuba, na iliwalisha vizuri.

Sasa tuangalie mahindi yenyewe, maana hapa ndipo kesi ilipo. Mahindi ya pwani yanapandwa masika ikianza, mwezi wa tatu au wa nne. Ukichelewa wiki chache, umechelewa mwaka. Mmea ukifika juu, unatoa mbelewele kileleni, na zile nywele laini zinatokeza kwenye hindi. Kila unywele mmoja umeungana na punje moja. Unga wa mbelewele usipouangukia unywele huo, punje hiyo haijazi. Jua kali likiupata mmea wakati huo, unavuna hindi lenye mapengo kama mdomo wa mzee. Kabla ya hapo kuna kupalilia, na baada ya hapo kuna kulinda nyani, ngiri na ndege. Halafu mavuno yanapanda uchagani, juu ya jiko, ili moshi ufukuze wadudu, na yale mahindi mazuri zaidi yanawekwa kando. Hayo hayaliwi hata njaa ikiuma vipi. Ni mbegu ya mwaka ujao.

Basi mwondoe kijana shambani wakati wa kupanda, umpeleke kuokota pamba ya mtu mwingine. Mshahara wake utampa kodi ya kulipa serikali, sawa. Lakini nyumbani hakuna aliyepanda, kwa hivyo hakuna wa kuvuna, na mwisho wake ile mbegu iliyowekwa kando inaliwa. Hapo mzunguko umekatika, na mwaka unaofuata utaanza na deni.

Kuna na lile la kuacha ardhi ipumzike. Mgiriama alikuwa akilima shamba miaka michache, likichoka analiacha. Yanaota majani, kisha vichaka, kisha miti, udongo unapata nguvu tena, naye anarudi baadaye. Kwa mkoloni, shamba lililoachwa ni ardhi isiyo na kazi. Kwa mwenyewe, ardhi ile ilikuwa kazini. Ilikuwa inapumua.

Ngoma na kiapo

Mekatilili, wakati huo mjane na mtu mzima, alianza kuzunguka kijiji hadi kijiji. Hakuwa na redio, hakuna WhatsApp. Alichokuwa nacho ni ngoma ya kifudu, ngoma ambayo wanawake huicheza kwenye matanga. Watu walikuja kwa ngoma, wakabaki kusikiliza. Na alichagua vizuri, si mchezo. Ngoma ya matanga inamkumbusha kila mtu waliokwenda na waliobaki, na wajibu wa waliobaki kuendeleza nyumba.

Alishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola. Katikati ya mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Maana yake ilikuwa moja: hakuna kulipa kodi, hakuna kupeleka vijana, hakuna kumsaidia mkoloni. Wazee waliopewa vyeo na serikali walijikuta njia panda, wakimwogopa Champion upande huu na kiapo upande ule. Kiapo kilishinda. Champion akabaki na vyeo vingi na wafanyakazi hakuna.

Kuku na vifaranga wake

Hapa ndipo inapokuja ile hadithi inayopendwa kuliko zote. Agosti 1913, Champion aliitisha baraza kudai vijana. Wazee husimulia kwamba Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akawaachilia mbele ya watu wote, akamtaka afisa achukue kifaranga mmoja tu. Champion akainama, akanyoosha mkono. Kuku akamrukia na kumdonoa. Baraza likaangua kicheko. Somo lilikuwa limeeleweka: ukija kuchukua watoto wetu, utaona. Simulizi huendelea kwamba mzungu kwa hasira alitoa bunduki akampiga kuku yule risasi, na hilo nalo likawa somo lake.

Wewe uliyekulia mjini pengine kuku unamjua akiwa na chipsi. Lakini kila mtu pale barazani alikuwa amefuga kuku wa kienyeji, na alijua kifaranga mmoja amegharimu nini. Kuku hulalia mayai siku 21. Siku zote hizo anakula haraka haraka na kurudi, anakonda, joto la mwili wake linakwenda kwenye mayai. Anayageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku ili kifaranga asigande upande mmoja wa ganda. Siku za mwisho kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani ya yai, na mama humjibu. Yaani wanajuana kabla hawajaonana. Akishaangua, anawafundisha kuchakura, anawaita akiona chakula, na kivuli cha mwewe kikipita anawakusanya chini ya mbawa. Atafanya hivyo wiki kadhaa hadi waote manyoya ya kutosha kujipasha joto wenyewe. Baada ya hapo huwafukuza wakajitegemee, kisha anaanza kutaga upya.

Kwa hivyo mama kuku hapingi watoto wake kuondoka. Wataondoka, wakati wao ukifika. Anachokataa ni kunyang'anywa mapema. Huo ndio msimamo wa Mekatilili, na hakuhitaji hotuba ndefu kuueleza.

Kutoka Kisii kwa miguu

Serikali ilimkamata yeye na Wanje Oktoba 1913, ikawapeleka kizuizini Kisii, magharibi kabisa mwa nchi. Fikra ilikuwa kwamba ukimng'oa mtu kwenye udongo wake atanyauka mwenyewe. Mimea mingine iko hivyo, ukiihamisha inakufa.

Huyu hakunyauka. Januari 1914 walitoroka, wakaanza safari ya kurudi pwani kwa miguu. Kutoka Kisii hadi Giriama ni mamia ya kilomita. Ni kushuka kutoka nyanda za juu zenye baridi, kupita mbuga zenye wanyama wakali, hadi kwenye nchi kavu ya mbuyu na miiba. Leo ukisafiri kwa basi njia hiyo unafika umechoka na mgongo unauma. Wao walitembea, na mama alikuwa amekwishapita umri wa ujana. Walifika nyumbani, na upinzani ukaendelea pale pale ulipoachwa.

Baruti kwenye kaya

Agosti 4, 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Milango ikaharibiwa, miti ikaangushwa, makao yaliyokuwa ndani yakachomwa. Wakoloni walijua wanachokipiga. Kaya ilikuwa makao ya mababu, mahali pa kiapo na baraza la wazee. Walidhani ukilipua mahali, umelipua na watu.

Yakazuka mapigano. Wagiriama, wakiwa na mishale, walikabili askari wenye bunduki. Watu wapatao 150 waliuawa, nyumba nyingi zikateketezwa, mbuzi wakachukuliwa kwa wingi. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na wale wa kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa kwenye mashamba yao. Kilichofuata tunakijua kutoka kwenye hesabu ya mahindi: asiyepanda havuni. Njaa iliingia.

Mekatilili na Wanje walikamatwa tena Agosti hiyo hiyo, wakapelekwa mbali. Lakini serikali nayo iligundua kwamba ardhi ile bila wakulima wake haikuwafaa kitu. Miaka michache baadaye Wagiriama wakaachwa warudi ng'ambo ya Sabaki. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje nao wakarudi nyumbani, wakakaa Kaya Fungo, yeye akiongoza baraza la wanawake na mwenzake baraza la wanaume.

Msitu unavyorudi

Na msitu wenyewe je? Hapa kuna kitu cha kujifunza. Msitu wa pwani ukiumizwa, haufi mara moja. Visiki vingi vinachipua. Udongo una mbegu zilizolala zikingoja mwanga, na mti mkubwa ukianguka mwanga unafika chini, mbegu zinaamka. Nyingine zinaletwa na popo, tumbili na ndege wanaokula matunda na kuziangusha mbali na mti mama.

Mmoja wa wapandaji hao ni hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa na kelele nyingi. Maisha yake ni sinema tupu. Jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango unazibwa kwa matope na mavi hadi unabaki ufa mwembamba. Anakaa humo wiki nyingi akilalia mayai na kulea, huku dume akileta matunda na kupitisha kwenye ufa. Dume akiuawa njiani, familia yote iko taabani. Na pasipo miti minene yenye matundu, hakuna hondohondo, na pasipo hondohondo, mbegu nyingi za matunda hazisafiri. Mti unamlea ndege, ndege anaupanda mti.

Wazee wa kaya walilinda mzunguko huo kwa miiko: hukati mti ovyo, huingizi mifugo, huingii utakavyo. Mwaka 2008, UNESCO iliziweka kaya takatifu za Mijikenda, Kaya Giriama ya Fungo ikiwemo, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Msitu uliotiwa baruti 1914 leo unatajwa duniani.

Na kama unadhani msitu uliosimama hauleti pesa, nenda Gede, hapo karibu na Malindi na Watamu. Tangu 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo. Yai linakuwa kiwavi, kiwavi anakula majani ya mti wake maalum, kisha anajigeuza pupa, ametulia kama jani kavu. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi ng'ambo, na wanatoka vipepeo kwenye bustani za maonyesho. Biashara yote inategemea kufika kwa wakati, kabla kipepeo hajatoka. Na inategemea msitu, maana vipepeo wa kuanzia wanatoka humo.

Bungale, jirani wa kwera

Mekatilili alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini, kaskazini ya ule mto ambao mkoloni hakutaka Wagiriama wauvuke. Eneo hilo ni sehemu ya misitu ya Dakatcha, nchi ya miti ya mrihi.

Ndani ya miti hiyo anaishi ndege mdogo wa rangi ya manjano na nyeusi, kwera wa Clarke, ambaye wengine humwita kwera wa Kilifi. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913, mwaka ule ule wa kiapo. Hapatikani popote duniani ila huku kwetu Kilifi. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipopatikana, huko Dakatcha, kwenye majani ya kidimbwi kinachojaa maji msimu wa mvua tu. Kumbe huishi juu ya mirihi, lakini kuzaa anahitaji dimbwi. Kimojawapo kikikosekana, mzunguko umekatika.

Na unakatika polepole. Mirihi ya Dakatcha inakatwa kwa ajili ya makaa yanayopelekwa mijini, na msitu unafyekwa kupanda mananasi. Mti wa miaka mingi unaisha kwa gunia chache. Anayechoma makaa mara nyingi ni kijana asiye na kazi nyingine, na anayeyanunua ni sisi wa mjini tunaotaka nyama choma wikendi. Safari hii hakuna Champion wa kulaumu.

Malindi kuna sanamu ya Mekatilili, na kila Agosti watu hukusanyika kumkumbuka. Piga selfi, hakuna ubaya. Lakini ukipata nafasi, fika na Bungale mvua zikiwa zimenyesha vizuri, vidimbwi vimejaa. Kama mirihi bado imesimama, huenda ukawasikia kwera wakijenga. Kisiki cha mrihi nacho huchipua tena, mradi kisichomwe wala kung'olewa. Kinahitaji kuachwa tu, miaka kadhaa, hadi kikomae chenyewe.